Usinunue Jina, Jenga Sauti

Leo tunabonga kibodi. Ile ya soo tano weka kando, ile ukifinya E inakutolea E tatu na space haiitiki. Nabonga mekanikal. Kila key na swichi yake. Kila swichi na springi yake. Ukifinya, kidole inajua imefinya. Ukiachilia, inarudi na sauti tamu hadi msee wa next door anauliza, "Buda, hiyo ni nini?"

Na usiniambie hizi ni story za wazungu wa YouTube. Cheki mtaa. Kutoka Roysa hadi Rongai kuna wasee wanakula kupitia vidole. Mmoja anapiga transcription, headphone kwa maskio hadi saa tisa usiku. Mwingine anaandika code ya mdosi wa majuu hajawahi muona. Mwingine ako kwa chat ya customer care, anaomba msamaha kwa makosa hakufanya. Wote wamevaa raba za ngiri nne na hawatembei popote. Kitu wanashika siku mzima ni plastiki ya soo tano. Hiyo hesabu inakataa.

Halafu kuna Uncle. Kila familia iko na yeye. Uncle wa vidole mbili. Email moja, lisaa limoja. Anatafuta P hadi chai inapoa. Na ndiye ako na maoni: "Kibodi ni kibodi." Uncle, tulia. Tutarudi kwako.

Msalaba ama mpira

Kwanza, usiuziwe bonoko. Ukiingia Luthuli Avenue utapata boksi imeandikwa "mechanical feel". Taa zinawaka rangi zote, na msee wa duka anaapa na mathe yake kwamba hiyo ni mekanikal. Cheki hiyo neno "feel". Hapo ndio unalambwa.

Mwambie atoe key moja tu. Ni kazi ya sekunde. Chini yake ukiona mpira, hiyo ni membrane, na taa zote za dunia haziwezi iokoa. Ukiona kijiti cha rangi, chekundu ama kahawia ama bluu, na juu yake msalaba, sasa tunaongea. Akikataa kutoa, ishia. Maduka ni mob.

Hiyo msalaba iko na historia. Cherry, kampuni ya Ujerumani, ilitoa swichi za MX miaka ya 80. Kwa muda mrefu ukitaka hiyo design unalipa bei yao na unanyamaza. Patent ikaisha kama 2014 hivi, na Wachina wakaingia na miguu zote mbili: Gateron, Kailh, Outemu. Bei ikashuka, na ile msalaba ikabaki. Ndio maana leo kofia za key za huyu zinaingia kwa swichi ya yule. Ndio maana msee wa Kayole anaweza jijengea kibodi bila kuuza figo.

Chagua upande

Swichi ziko makundi tatu.

Nyekundu ni linear. Inateremka straight, hakuna kizuizi, kama gramu 45 za nguvu na umemaliza. Wasee wa game wanaipenda, na wasee wa kuandika usiku pia.

Kahawia ni tactile. Katikati kuna kadonge kadogo, kidole inakasikia, inajua herufi imeingia. Ni ya msee anataka kujua bila kupiga kelele.

Bluu ni clicky. Kila ukifinya inalia. Kila. Ukifinya. Hii ni ya msee anaishi boma kubwa, peke yake, na mbwa. Kama uko bedsitter ya Zimma, ukuta ni nyembamba, jirani atajua ukiandika na atajua ukifuta. Na kwa Google Meet usiguse mic. Mdosi atadhani kwako kuna mtu anapasua njugu. Anayependa bluu bila haya ni Uncle, juu inamkumbusha typewriter ya ofisi ya DC.

Sasa shika hii. Swichi ya kawaida inateremka milimita 4, lakini herufi inaingia ukifika kama milimita 2. Hiyo nusu ingine unapiga chini bure. Ukizoea, unatype ukielea juu juu, mkono hauchoki, na saa kumi za transcription zinapita bila kiganja kulia.

Verdict yangu: kama ni kibodi yako ya kwanza, chukua linear. Ni rahisi kulube, yaani kuipaka mafuta ndani, na ikilubiwa ndio inatoa ile sauti nzito, thok, thok, inafanya wasee wapende hii maneno.

Saizi zinaitwa kwa asilimia: 100 iko na kila kitu hadi namba za upande. TKL iko na key 87, namba zimetolewa. 60 iko na key 61 tu, haina mishale. Inakaa fresh kwa picha, lakini siku ya kuedit document utalia. 75 ndio form: mishale iko, F za juu ziko, na meza inabaki na nafasi ya kikombe. Kama kazi yako ni Excel asubuhi hadi jioni, chukua namba zako na hakuna mtu atakucheka. Uncle pia anataka namba, eti atapigia wapi namba ya kitambulisho. Kuna namba juu ya herufi, Uncle. Zimekuwa hapo tangu ukiwa form two.

Na kuna neno moja lazima iwe kwa boksi: hotswap. Maanake swichi inatoka na kuingia kwa mkono, bila kuchomelea. Leo nyekundu, kesho kahawia. Moja ikikufa, unatoa hiyo moja na maisha inaendelea. Bila hotswap uko na chuma ya solder mkononi na maombi mdomoni. Pia uliza kama board inakubali pini 5 ama 3. Ikiwa ya 3 na swichi zako ni za 5, zile miguu mbili za plastiki unazikata na nail cutter, inaingia. Ukiingiza, shika wima. Ukienda shingo upande pini inakunjika, na utabaki unashangaa mbona A haitoki.

Wireless? Nairobi hii, ndio. Stima ikipotea laptop iko na betri na kibodi iko na yake. Lakini zima taa. RGB inakula chaji kuliko kazi yenyewe.

Kazi ya mkono

Sasa tuingie jikoni. Nganya haikuji ikiwaka. Inatoka kwa muuzaji ikiwa chasisi tupu, halafu wasee wa hapa wanaweka bodi, wanaweka muziki, wanachora, na siku ya kutoka route mzima inasimama kucheki. Kibodi iko hivyo hivyo. Hiyo umenunua ni chasisi. Sauti unajenga wewe.

Tafuta Sunday. Weka Arbantone. Toa kofia zote, toa swichi zote. Kwa 75 utakuwa na swichi 80 na kitu. Chukua moja, ifungue na opener, kale kaplastiki kadogo. Ndani kuna vipande nne: kifuniko, kijiti, springi na kitanda ya chini. Kwa linear, lube inaitwa Krytox 205g0. Ni nzito na nyeupe, na kikopo cha mililita 5 kinatosha kibodi mzima na kinabaki. Chovya brashi ndogo, halafu ipanguse kwa mdomo wa kopo hadi ikae ni kama haina kitu. Hapo ndio iko sawa. Paka reli za ndani ya kitanda, paka pande za kijiti, pitisha kidogo kwa springi. Funga. Finya karibu na sikio. Kabla ilikuwa inafanya krr, kama kuna mchanga ndani. Sasa imenyamaza, inashuka laini na kugonga chini mara moja. Weka ingine ambayo hujalube kando yake, linganisha. Hutarudi nyuma.

Kama ni tactile, usipake miguu ya kijiti. Kale kadonge kanatoka hapo. Ukipaka, umemeza pesa yako.

Ukipaka sana, swichi inakuwa nzito na mvivu. Rangi ya kijiti ibaki inaonekana. Ukiona imekuwa nyeupe, umezidisha.

Uncle amesikia "mafuta" na amefika. Anasema weka WD-40. Hapana. Inakauka na krr inarudi. Anasema basi mafuta ya cherehani. Ni maji maji, itateremka hadi kwa board. Anasema Vaseline. Mtu ampatie Uncle chai.

Baada ya swichi, shika stabilaiza. Hizo ni zile waya ziko chini ya key ndefu: space, enter, shift, backspace. Hapa ndio kibodi mingi zinaaibika. Herufi zote zinapiga thok, halafu space inakohoa kachang'. Zitoe. Weka grisi ya dielectric kwa ncha za waya, pale inaingia kwa plastiki. Grisi hiyo ulizia maduka za spea za gari, Kirinyaga Road. Kata kipande kidogo cha plasta ya chemist, bandika kwa board pale miguu ya stabilaiza inagonga. Space itanyamaza.

La mwisho ni masking tape, ile ya fundi wa rangi. Fungua kibodi, chomoa waya ya betri kwanza, bandika layer mbili ama tatu nyuma ya board. Inakata ile sauti kali ya juu, inaacha ile nzito. Hii ni chenji ya hardware, na inafanya kibodi ya ngiri sita isimame na za bei mara tatu.

Mambo ya aibu

RGB ya kuzunguka kama disko matanga. Weka rangi moja ama zima.

Kofia za herufi za Kijapani, na wewe Kijapani yako inaishia Toyota. Vaa kitu unasoma.

Kofia za ABS za bei rahisi. Miezi michache zinang'aa mafuta, A na E na space zinaonyesha kila siku ya kazi yako. Chukua PBT. Inakaa kavu, haing'ari haraka. Seti poa kutoka China inaweza kukupata kwa ngiri tatu hivi.

Kebo ya kujikunja kama ya simu ya booth, na kibodi ni ya bluetooth. Hiyo kebo inaenda wapi?

Seti za GMK. Ni za Ujerumani, ni fiti, hiyo siwezi kataa. Lakini seti moja inapita dola mia, na group buy, ile mnalipa pamoja kabla itengenezwe, inaweza kukuweka mwaka mzima na zaidi ukingoja. Hiyo doo unamaliza kibodi mbili na kubaki na ya mutura.

Wasee wa game mnasikia pia kuhusu swichi za sumaku, Hall effect. Wooting wa Uholanzi ndio waliziwasha: unaweka mwenyewe herufi iingie milimita ngapi, na ukiinua kidole kidogo tu inajua umeachilia. Ni moto. Chunga tu: Agosti 2024 Valve walipiga marufuku ile kitu ya Snap Tap kwa Counter-Strike 2, ile inakusawazishia kushoto na kulia. Lakini kama server iko Ulaya na ping yako inaruka, sumaku haitakuokoa. Lipia fiber kwanza.

Hesabu

Kibodi ya 75, hotswap, wireless: ukitafuta vizuri, kutoka kama ngiri sita hadi nane. Royal Kludge, Aula, Ajazz, hizo ziko hapo. Keychron iko juu kidogo, na nyingi za mfululizo wake wa Q na V zinakubali QMK na VIA. Hapo unapanga key upya vile unataka. Caps Lock igeuze Ctrl. Wasee wa transcription, wekeni jina la speaker kwa key moja, muone vile saa inarudi. Lube na brashi, kama ngiri moja na kitu. Plasta na tape, chenji. Ukiagiza nje, kumbuka VAT ya 16% na ushuru, usikuje kulia kwa mlango ya kurier.

Na usifulizie kibodi. Kama doo haijafika, nunua hotswap sasa, swichi mwezi ujao, kofia mwezi wa tatu. Huo ndio uzuri wake, inakua na wewe.

Uncle atauliza ulilipa ngapi. Usimwambie. Mpatie kiti, mwambie aandike jina lake. Atatafuta herufi pole pole, kidole kimoja, kingine. Halafu atarudia space, bila sababu, juu ya sauti tu. Usiseme kitu.

Ya kwako ni moja. Mkono wako ndio unalipa rent. Upatie kitu ya maana chini yake, na ukijenge wewe mwenyewe. Wikendi hii, toa key moja kwa hiyo yako, cheki chini. Ukikuta mpira, unajua Luthuli iko wapi.