Bukavu: Nyonga mpya, ngazi za Kadutu na choo cha shimo

Kutoka soko la Kadutu kuelekea Nyamugo ao Cimpunda, kuna nyumba nyingi ambazo gari haifiki. Mtu anashukia barabarani, anashika njia ya miguu, anapanda ngazi za udongo na mawe, na mvua ikinyesha anajishikilia ukutani. Kwa yule aliyetoka hospitali na nyonga ya chuma, kazi inaanzia hapo.

Upasuaji wa kubadilisha nyonga si jambo la jana. Muingereza John Charnley ndiye aliyeuweka kwenye njia mwaka 1962: kichwa cha mfupa wa paja kilichoharibika kinakatwa, mahali pake kinawekwa kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Utafiti uliotolewa na jarida The Lancet mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu nyonga 6 kati ya 10 zinafikisha miaka 25 bila kubadilishwa tena.

Huku Kivu, wanaoihitaji si wazee peke yao. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wanaujua kwa jina la drepanositozi, unaziba mishipa midogo ya damu, na kichwa cha mfupa wa paja kinakufa kwa kukosa damu. Kijana wa miaka 25 anaanza kuchechemea kama mzee. Kuna pia walioanguka na pikipiki, wakapelekwa kwanza kwa waunga mifupa wa mtaani, wakafika hospitali miezi mingi baadaye. Kwa mzee aliyevunjika shingo ya paja, mara nyingi daktari anabadilisha kichwa cha mfupa tu, bila kugusa kikombe.

Wengine wanaanzia Hospitali Kuu ya Rufaa ya Jimbo ao Panzi kwa uchunguzi na picha ya radio. Wenye uwezo wanavuka Ruzizi kwenda Kigali, wengine wanafika Kampala ao India. Popote anapopasuliwa, kuna swali ambalo wagonjwa wachache wanauliza: daktari atapitia wapi?

Njia kubwa ni tatu. Ya nyuma, kupitia makalio, ndiyo inayotumiwa zaidi duniani. Daktari anaona vizuri, na misuli inayoshikilia mguu wakati wa kutembea haiguswi sana. Hatari yake ni nyonga kuchomoka kwa nyuma, hasa miezi ya kwanza, ingawa hatari hiyo inapungua daktari akishona vizuri ule mfuko unaozunguka kiungo. Njia ya ubavuni inachomoa nyonga mara chache, lakini inakata sehemu ya msuli wa pembeni, na wagonjwa wengine wanabaki wakichechemea kwa muda mrefu.

Njia ya mbele inapita katikati ya misuli bila kuikata. Wafaransa wanaijua tangu zamani: Robert Judet aliitumia mwaka 1947. Leo inasifiwa sana, na ni kweli kwamba wengi wanaacha magongo mapema kidogo. Ila inadai daktari aliyeizoea, inaweza kuacha ganzi kwenye ngozi ya paja, na baada ya miezi michache tofauti na njia ya nyuma karibu haionekani tena. Kwa hiyo daktari aliyefanya njia yake mara mia ni bora kuliko yule anayejaribu njia ya kisasa kwa mara ya kwanza.

Lakini kwa mtu wa Bukavu njia hiyo inaamua jambo moja la kila siku: choo. Aliyepasuliwa kwa nyuma kwa kawaida anakatazwa, kwa wiki 6 hadi 12, kukunja nyonga kupita kipimo cha kukaa kwenye kiti cha kawaida, kupishanisha miguu na kugeuza mguu kuelekea ndani. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo kunavunja sheria ya kwanza. Kukaa kwenye kigoda mbele ya mbabula ao kuinama kufua nguo kwenye beseni ni vilevile. Siku hizi madaktari wengine wamelegeza masharti hayo, kwa hiyo ni heri kumuuliza aliyepasua kuliko kumuuliza jirani. Aliyepasuliwa kwa mbele anaonywa kinyume: asirudishe mguu nyuma sana huku ameugeuza nje.

Suluhisho si la bei. Fundi mbao anaweza kutoboa kiti kigumu chenye mikono na kukiweka juu ya shimo. Kitanda kinainuliwa kwa matofali, na mto unawekwa katikati ya miguu usiku. Yote haya yatayarishwe kabla ya siku ya upasuaji, si siku ya kurudi.

Ngazi nazo zina kanuni yake. Kupanda, mguu mzima unatangulia, kisha uliopasuliwa na magongo. Kushuka, magongo na mguu uliopasuliwa vinatangulia. Mazoezi ya kine yanaanza hospitalini, mara nyingi kesho yake, na yanaendelea nyumbani kila siku hata kama maumivu yamepungua. Magongo yanahitajika wiki 4 hadi 6 hivi. Katika mtaa wa mteremko wenye utelezi, kuongeza wiki mbili si uvivu. Pikipiki ingojee ruhusa ya daktari.

Mguu ukivimba na kuuma kwenye shavu la nyuma, pumzi ikikata ghafla, kidonda kikitoa usaha, ao mguu ukawa mfupi ghafla na kukataa kukanyaga, hapo si saa ya kuchuliwa na mafuta. Ni hospitali siku hiyohiyo.

Na kabla ya kutoka, mgonjwa adai karatasi inayoandika aina ya nyonga aliyowekewa, ukubwa wake na njia iliyopitiwa. Miaka 15 baadaye, pengine katika mji mwingine na mbele ya daktari mwingine, karatasi hiyo ndiyo itakayomwambia mpasuaji alete vyombo gani.