Usiilaumu Kompyuta Kabla ya Kutazama Waya



Msimu wa karafuu ukimalizika, fedha hazikosi pa kwenda. Mzee mmoja katika wanachama wetu alimnunulia mwanawe kompyuta mpya. Kijana huyo ana duka la nguo Mchikichini, karibu na Kariakoo, Dar es Salaam, na dukani mna waya wa mtandao uliopitishwa ukutani zamani, kutoka mezani mpaka ghalani.

Kompyuta ilipochomekwa, taa iliwaka, ikazimika, ikawaka tena. Khabari hazikupita. Ajabu ni kwamba kompyuta kuukuu ilikuwa ikifanya kazi kwa waya ule ule. Jirani akaleta kipima waya. Taa zote nane zikawaka kwa taratibu. "Waya mzima," akasema, "kompyuta ndiyo mbovu." Mzee akawa tayari kutoa fedha nyingine.

Kwa bahati aliitwa fundi mmoja kijana. Yeye aliichukua kompyuta mpaka ghalani, akaiunga na kisanduku cha mtandao kwa waya mfupi mpya. Ikafanya kazi papo hapo. "Shikamoo Mzee," akasema, "kompyuta yako haina ila. Ila iko ukutani."

Yafaa tuelewe sababu yake. Ndani ya waya wa mtandao mna nyuzi nane, nazo zimesokotwa mbili mbili kama kamba ya usumba. Kusokotwa huko ndiko kunakozuia kelele za umeme zisiingie. Mtandao wa megabiti 10 au 100 kwa sekunde hutumia nafasi ya 1 na 2, na ya 3 na 6. Fundi wa zamani alizipanga jozi kwa kufuatana tu: 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, 7 na 8. Basi uzi wa 3 na wa 6 ukawa kila mmoja umetoka katika jozi yake mbali. Kipima waya cha kawaida hakioni kosa hilo, kwani kila uzi umefika mahali pake. Kompyuta kuukuu ya megabiti 10 ilivumilia. Mpya, iliyotaka 100, haikuweza.

Fundi alikata ncha zote mbili, akatia vichwa vipya kwa taratibu hii: nyeupe yenye mstari wa chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Khasara yote ikawa vichwa viwili vya plastiki na ujira wake.

Nasi huku visiwani tukipatwa na jambo kama hilo, tufuate njia yake:

1. Jaribu kwanza kwa waya mfupi ulio mzima.
2. Badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.
3. Tazama rangi katika ncha zote mbili, na kutu kwenye vichwa, kwani hewa ya bahari hula madini.
4. Waya usizidi mita 100, wala usilale pamoja na waya wa umeme.

Mkarafuu ukinyauka, mkulima hodari hutazama mizizi kabla ya kushika shoka. Na kwa kompyuta, shime, tufanye vivyo hivyo.