Mwili mmoja, wachoraji zaidi ya 10: Mama anayelea akiwa ‘wengi’

Ukizitazama picha hizo kwa haraka, utadhani ni maonyesho ya wasanii wengi. Moja ina mtu mpweke, nyingine mama aliyepiga magoti, nyingine watoto wakiteswa.

Zote zimechorwa na mkono mmoja wa Kim Noble, mama wa binti mmoja, mkazi wa London, Uingereza.

Mwaka 1995, Kim aligundulika kuwa na hali ya nafsi nyingi katika mwili mmoja. Kila nafsi ina jina, umri na kumbukumbu zake. Anayeonekana mara nyingi ni Patricia. Judy ni binti wa miaka 15 anayejiona mnene, ingawa mwili wanaoutumia wote ni mwembamba. Ken ni mwanamume. Ria Pratt ndiye huchora mateso ya watoto, mambo ambayo Patricia hayakumbuki.

Wataalamu wengi wanaihusisha hali hii na ukatili mkubwa wa kujirudia utotoni. Mtoto asiyeweza kukimbia kwa miguu hukimbia kwa akili, na kumbukumbu zake hugawanyika. Ndiyo maana nafsi moja inaweza kurejea bila kujua mwili ulifanya nini saa moja iliyopita.

Kim alianza kuchora mwaka 2004. Tangu hapo, nafsi zaidi ya 10 zimeshika brashi, kila moja kwa mtindo wake. Kilichoshindwa kusemwa kwa mdomo kikapata pa kutokea.

Na malezi je? Katika kitabu chake cha mwaka 2011, Kim anaeleza kuwa nafsi iliyomzaa binti huyo siyo inayomlea. Hata hivyo, mtoto alikua na mama yake na akajifunza kutambua ni nani ‘amekuja’.

Kwa mzazi, somo liko wazi. Mtoto mdogo kuwa na rafiki wa kufikirika ni kawaida. Lakini mtoto anayepotewa na kumbukumbu mara kwa mara, au anayekana kabisa jambo aliloonekana akilifanya, asiharakishwe kuitwa mwongo wala kuchapwa. Huenda kuna jambo zito limempata.

Muulize kwa upole, msikilize bila kumkatiza, kisha mpeleke hospitali akaonwe na mtaalamu wa afya ya akili. Na kama kuna anayemuumiza, kumwondoa mikononi mwake ndiyo tiba ya kwanza.