Linux Ndani ya Flashi: Kompyuta ya Zamani Isitupwe

Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kusasisha usalama wa Windows 10. Hata hivyo, mkazi wa Laela au Mpui ambaye kompyuta yake haimudu Windows 11 hana sababu ya kuitupa. Linux, mfumo endeshi unaopatikana bila malipo, huweza kuwekwa kwenye flashi ya GB 8 au zaidi na kuendeshwa humo, bila kubadili diski ya ndani.

Mambo matatu yazingatiwe. Kuiandaa flashi hufuta kila kilichomo. Kompyuta inapowashwa, flashi ichaguliwe kwenye menyu ya kuwashia. Kazi hupotea mashine inapozimika, umeme ukikatika pia, isipokuwa imehifadhiwa kwenye flashi nyingine. Mwananchi hujaribu kwanza, kisha huamua.