Pweza hana gamba, ana soko

Mwilini mwa pweza kigumu ni mdomo tu, uliojipinda mfano wa mdomo wa kasuku. Mfupa hana, gamba hana. Ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Tundu la mwamba likipitisha mdomo huo, mwili wote hupita. Ndimo wachokoaji wa Unguja, Pemba na Songosongo wanamomfuata maji ya bamvua yakitoka, wanawake kwa miguu na vijiti, wanaume wengi kwa kuzamia.

Kwa mchuuzi, mnyama asiye na gamba ni faida: karibu kila anachopima huliwa. Pweza wengine huishia soko la usiku la Forodhani, Unguja, wengine hugandishwa na kusafirishwa Ulaya. Supu ni biashara yake yenyewe, na wauzaji huwaahidi wanaume mambo ambayo mizani haipimi.

Pweza wa miamba hii huishi takriban mwaka mmoja tu. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai bila kula, kisha hufa. Lakini hukua kwa kasi ya ajabu: akiachwa miezi miwili au mitatu, uzito huongezeka mara kadhaa. Ndiyo hesabu iliyowafanya wanakijiji wa Andavadoaka, Madagaska, kufunga kwa muda sehemu ya mwamba wao mwaka 2004, na baadaye wa Kisiwa Panza, Pemba, kufanya vivyo hivyo. Tatizo huwa siku ya kufungua. Wavuvi wote huingia pamoja, wote huuza pamoja, na anayepanga bei ni mnunuzi.

Ndugu zake pweza, wenye magamba, wana hesabu nyingine. Chaza hufunika kwa lulu chochote kilichobandikwa ndani ya gamba lake. Wanawake wa Fumba, Unguja, wamekuwa wakifuga lulu nusu kwa njia hiyo, ila husubiri miezi mingi kabla ya kuona senti. Kauri nazo ziliwahi kuwa fedha. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg walianza kuzipakia Zanzibar kwa shehena, wakazibadilisha Afrika Magharibi kwa mafuta ya mawese, hadi zikajaa sokoni na thamani yake ikaporomoka.

Turudi kwa pweza: kanuni za uvuvi za Tanzania Bara za mwaka 2009 zinakataza kuvua wa chini ya gramu 500. Mnunuzi, kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji ampime.