Dari si sakafu: Soma hii kabla ya kupandisha magunia juu ya kitanda cha mathe

Kama kwenu ni Karurumo, au popote kati ya Runyenjes na Chuka, unaijua hii story. Aprili mvua ikigonga mabati, hata simu husikii. Julai baridi ya Mlima Kenya inateremka na kuingia kupitia mabati hayo hayo. Kisha Februari, saa nane mchana, chumba kinageuka jiko. Na kwa sababu kuta za ndani hazikufika juu, kila simu unayopiga usiku ukinong'ona, mathe anaifuatilia akiwa chumba cha tatu. Asubuhi anakuuliza huyo ni nani.

Sasa umepata chapaa kidogo, na Desemba hii unataka kufanya kitu cha maana nyumbani. Wazo ni poa: weka siling, tandaza kitu cha kuzuia joto na baridi, kisha pigilia mbao juu yake ili ile nafasi chini ya paa iwe stoo. Fundi anakuambia ni kazi ya siku tatu. Pengine ni kweli. Lakini kuna maswali mawili ambayo huenda asikuulize: nini kitakaa huko juu, na nani analala chini yake.

Wazo lenyewe si geni. Nyumba za nyanya zetu katika eneo hili la Mlima Kenya zilikuwa na itara, kile kichanja juu ya meko ambapo kuni zilikaushwa na vitu kuhifadhiwa. Kule Lamu, nyumba za mawe zilijengwa kwa boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na upana wa vyumba ukafuata urefu wa boriti. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Waliojenga waliuliza kwanza mti unaweza kubeba nini, chumba kikafuata baadaye. Sisi tunafanya kinyume.

Tuanze na joto. Bati likipigwa na jua linakuwa moto, kisha linamwaga joto lile kuelekea chini, kama vile makaa yanavyokuchoma usoni hata usipoyagusa. Karatasi ile ya kung'aa inayouzwa kwa roli hurudisha joto hilo juu, ila ina sharti moja: upande unaong'aa utazame nafasi tupu ya hewa, angalau inchi moja. Ukiibana ikagusana na bati, umenunua urembo. Joto litapita moja kwa moja.

Sufu ya kioo, ile inayofanana na pamba ya manjano, hufanya kazi kwa njia tofauti. Inanasa hewa ndani yake, kama blanketi. Ndiyo inayosaidia pia kwa kelele za mvua, hasa ikilala juu ya gipsamu. Karatasi ya kung'aa peke yake haitakuokoa na mvua ya Aprili. Ukiitandaza vaa glavu, mikono mirefu na barakoa, la sivyo utajikuna hadi Krismasi ipite. Na usiikandamize. Ukipigilia mbao juu yake ikabanwa kuwa nyembamba, hewa imetoka na pesa zako zimetoka nayo. Mbao za sakafu ziinuliwe zipite juu ya sufu bila kuigusa.

Wapo wanaopendekeza maganda ya mpunga kutoka Mwea kwa sababu ni rahisi na hayako mbali. Si wazo la kijinga, kwa kuwa yana silika nyingi na hayawaki upesi kama nyasi kavu. Shida ni vumbi, na panya wataona wamejengewa hoteli. Maboksi ya stairofomu nayo yanawaka na kutoa moshi mweusi mbaya, na yakigusana na nyaya za stima kwa muda mrefu yanaharibu plastiki ya nyaya hizo. Kwa hivyo kabla ya kufunika chochote, mwite fundi wa stima aangalie waya zote. Taa zilizozama kwenye siling zisifunikwe, zinahitaji kupoa.

Usizibe kila tundu pia. Usiku pumzi zenu na mvuke wa jikoni hupanda juu, hukutana na bati baridi, na alfajiri matone yanaanza kudondoka hata kama hakukunyesha. Acha njia za hewa chini ya ukingo wa paa, zifunike kwa wavu mwembamba ili popo wasihamie.

Sasa uzito. Hapa ndipo kuna noma.

Zile fito za 2 kwa 2 zinazoshika siling ziliwekwa zibebe gipsamu tu. Bodi moja ya futi 8 kwa 4 ina kama kilo 25 hivi. Gunia moja la mahindi ni kilo 90. Pandisha magunia kumi na umeweka kilo 900 huko juu, karibu uzito wa Vitz. Juu ya kitanda cha mathe. Hata wewe mwenyewe ukikanyaga katikati ya fito unapita moja kwa moja. Mimi mguu wangu uliwahi kutokea sebuleni wageni wakinywa chai, na hadi leo hadithi hiyo inasimuliwa kila harusi.

Sakafu inahitaji boriti zake. Ubao wa 6 kwa 2 uliosimamishwa kwa ubavu una nguvu mara nne ya ule wa 3 kwa 2, na unapinda mara nane kidogo kuliko huo. Kimo cha ubao ndicho kinachobeba, kwa hivyo usikubali fundi aulaze. Ncha zote mbili zikae juu ya ukuta imara, zisining'inizwe kwenye kenchi. Kenchi zilipangwa kubeba mabati na kuhimili upepo, na kila kipande kinashika kingine. Fundi akitaka kukata kimoja "kidogo tu" ili mtu apite vizuri, mwambie ashuke kwanza mzungumze. Kama nyumba ni ya matope, au kuta zina nyufa, wacha mambo ya sakafu ya juu kabisa. Weka siling na sufu, lala vizuri.

Mbao si lazima zitoke mbali. Mukima umejaa kando ya mashamba ya kahawa, na ukikauka unatoa mbao nzuri. Ukikauka, nasema. Ubao uliopasuliwa wiki jana ukipigiliwa leo utajikunja na kuacha mianya ya kupitisha kidole. Upange kivulini, vijiti katikati hewa ipite, usubiri. Hiyo miezi ya kusubiri ndiyo watu wengi hawana subira nayo.

Na kama paa ni la zamani, yale mabamba mazito ya kijivu yenye mawimbi, simama hapo hapo. Huenda ni asbestosi. Kanuni za taka za mwaka 2006 zinaihesabu kuwa taka hatari, na vumbi lake huharibu mapafu polepole kwa miaka. Usitoboe, usikate, usifagie. Uliza NEMA kwanza.

Tuseme basi boriti ziko sawa na sakafu imetulia. Je, mahindi yapande? Hapa ningekataa. Itara ya nyanya ilikuwa na moto chini yake, moshi na hewa kavu kila siku. Stoo yako mpya haina moshi. Ina joto la mchana na matone ya alfajiri, na hayo ndiyo mazingira ambayo kuvu hupenda. Mwaka 2004, sumu ya aflatoksini kwenye mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao wakiwa Makueni na Kitui. Mahindi yaliwaua wakiwa kwao nyumbani, mengi yakiwa yamehifadhiwa yakiwa bado na unyevu.

Kiwango kinachokubalika Kenya ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Huna mashine? Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, acha dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Yakiwa tayari, yaweke kwenye yale magunia yasiyopitisha hewa, chini, juu ya vibao, mbali na ukuta. Huko juu peleka masanduku, blanketi za wageni, vitabu vyako vya Form Four ambavyo mathe amekataa kutupa.

Na mvua ya kwanza ikianguka baada ya kazi kuisha, usikae tu kusikiliza kimya kile kipya. Panda na tochi, kanyaga juu ya boriti, umulike bati lote hadi kwenye misumari. Ukiona hata tone moja, muite fundi kesho yake, kabla sufu haijalowa.