Mikwaruzo ya gari: ukucha kwanza, polishi baadaye

Tulikuwa tunauza Golf yetu hapa Tottenham ili tutume ada nyumbani. Mnunuzi akaona mikwaruzo, akataka kushusha bei. Tukakimbilia polishi ya bei poa, tukasugua jioni nzima. Tukaosha gari mara mbili, mikwaruzo ile ile! Kumbe mafuta ya polishi yaliiziba tu.

Gari nyingi za Kijerumani vanishi yake ni ngumu. Mercedes walianza kuweka ngumu zaidi mwishoni mwa 2003. Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kutoa hela, osha gari, kausha, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukinasa, hiyo ni kazi ya fundi rangi, usinunue kitu. Usiponasa, tafuta kompaundi inayokata kweli, kama Farécla G3 au Meguiar's Ultimate Compound. Kichupa kimoja kinatosha. Jaribu sehemu ndogo, kwa kitambaa laini kisafi.

Mkono ukishindwa, azima mashine. Sisi tulichangia moja watu wanne. Ila msirudie rudie kusugua: vanishi yote ni nyembamba kuliko unywele, ikiisha hairudi.